Maziwa ya Mama Stamili

Nyumba ya Wauguzi,
Masasi.
2 Septemba 1957

Mdogo wangu Paulina,

Marahaba. Barua yako niliipata Ijumaa nikiwa zamu, nikaisoma nimesimama mlangoni mwa wodi ya wazazi. Nilicheka uliposema kwamba mwanao Bartholomayo amechukua paji la uso la baba yetu na hasira zake pia. Miezi miwili tu, na tayari anagombana na watu. Lakini nilisikitika kusikia kwamba maziwa yako yamekuwa mepesi kama maji yaliyooshewa mchele, na kwamba mtoto analia. Tena kila siku ya pili unateremka bondeni kutafuta maji, unaondoka alfajiri na kurudi adhuhuri, naye amebaki kwa mkweo.

Sasa sikiliza. Hapa kliniki tunapewa maziwa ya unga ya makopo, hasa kwa ajili ya watoto waliofiwa na mama zao. Nilimweleza Sista Mabel, mkubwa wetu wa kliniki, habari zako, akaniruhusu nichukue kopo moja na chupa yenye chuchu ya mpira. Nimevifunga ndani ya khanga na kumkabidhi Abdulkadiri, dereva wa lori la barua. Tia vijiko vinne vya unga kwa chupa moja ya maji. Maji yachemke kwanza, na chupa nayo uichemshe kila mara kabla ya kuitumia.

Itumie hasa siku za kwenda majini. Mtoto atashiba, nawe utapumzika. Mke wa Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali hapa, amelea wanawe wote wawili hivyo hivyo.

Mumeo Cuthbert akirudi kutoka Tandahimba kwenye ukarani wake wa korosho, msalimie. Mama mkwe mpe shikamoo yangu.

Dada yako,
Cecilia Bartholomayo

*

Newala,
14 Septemba 1957

Dada Cecilia, shikamoo.

Mzigo umefika salama. Abdulkadiri aliuleta mwenyewe mpaka kibarazani. Nikamkaribisha maji ya kunywa akakataa, akasema anajua maji ya Newala yanavyopatikana.

Chupa yako imenifanya mtu wa kutazamwa. Wanawake wanakuja, wanaishika, wanaiangalia juani. Siku ya kwanza Bartholomayo aliikataa, siku ya pili akaikamata kama mtu mzima. Sasa nikirudi kutoka bondeni namkuta amelala, mkono mmoja juu ya kichwa, hana habari na mtu.

Mama mkwe aliichukua ile chuchu ya mpira akainusa, akaiweka chini, akaenda kupepeta mtama wake. Unamjua alivyo. Angependa nimfunge mtoto mgongoni, niteremke naye genge lote lile, mteremko mkali wa bondeni, na kupanda tena na ndoo kichwani, maana wao ndivyo walivyolea.

Ninayeongozana naye kwenda majini ni jirani yangu Siti, mke wa Bwanali fundi cherehani. Ana binti anaitwa Stamili, amemzidi Bartholomayo wiki tatu, mnene, mcheshi. Naye humwacha kwa wifi yake. Aliniomba nimpimie unga kidogo kwa ajili ya siku hizo za majini, nikampimia. Alishukuru sana. Sasa kopo limefika chini. Dada, ukipata jingine tutashukuru wote wawili.

Kuhusu kuchemsha, tunajitahidi. Kuni zipo. Ila kuna maji ya kuoshea chupa, kuna maji ya kuichemshia, kuna maji ya kuchanganyia. Hayo ni maji matatu, na ndoo ni moja.

Mdogo wako,
Paulina

*

Masasi,
29 Septemba 1957

Paulina,

Naandika haraka, lori linanguruma nje. Haya makopo mawili, moja lako na moja la Mama Stamili. Chupa hiyo nyingine ni yake pia. Mwambie ni zawadi kutoka kwangu. Wodi imejaa, watoto wanaharisha mno mwezi huu, sijui ni kwa nini. Nitakuandikia vizuri nikipata nafasi.

Cecilia

*

Masasi,
13 Oktoba 1957

Paulina,

Leo sina salamu. Ukimaliza kusoma barua hii inuka, uiweke ile chupa mahali ambapo hutaifikia, kisha urudi uisome mara ya pili.

Sista Mabel aliniagiza nimuulize kila mama anayeleta mtoto wa kuharisha kwamba mtoto huyo anakula nini. Nimeuliza kwa wiki mbili. Wameletwa watoto kumi na wanane. Wanne tu ndio waliokuwa wakinyonya ziwa peke yake. Kumi na wanne walikuwa na chupa. Waliokufa ni watano, na wote watano ni wa chupa.

Niliwauliza mama zao kama walichemsha maji. Kila mmoja alisema amechemsha. Mmoja akanionyesha chupa yake, na ndani ya shingo mlikuwa na utando wa kijani. Alikuwa akiisuuza kwa maji ya kisima cha ng'ombe, kisha ndipo anatia yale yaliyochemka. Tena alikuwa anatia kijiko kimoja badala ya vinne ili kopo lisiishe mapema. Chupa ile nilimpa mimi kwa mkono wangu.

Maziwa yako hayakuwa mabaya, Paulina. Mtoto anapoanza kunyonya, maziwa hutoka mepesi, mazito huja baadaye. Na ziwa hutoa kwa kadiri linavyonyonywa. Ukimpa chupa mara mbili, ziwa nalo hupunguza mara mbili. Hayo nilifundishwa na ninayajua, na ndiyo niliyopaswa kukuandikia tangu mwanzo. Nikakutumia kopo kwa sababu kopo ni rahisi kufunga ndani ya khanga.

Mweke kifuani kila anapoamka, hata kama unaona hakuna kitu. Ziwa hili, kisha lile. Kaa naye, unywe uji mwingi. Siku za maji aende mtu mwingine. Na Mama Stamili umwambie leo, si kesho.

Nijibu kwa lori hilohilo.

Cecilia

*

Newala,
20 Oktoba 1957

Dada Cecilia, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Nimeacha chupa kama ulivyosema, usiwe na wasiwasi. Mtoto hajambo. Tumbo lilimsumbua kidogo juma lililopita, na mama mkwe akampa vitu vyake. Unajua wazee na mizizi yao, labda ndivyo vilivyomvuruga. Sasa amepoa.

Cuthbert alikuja Jumamosi, akafurahi kumwona mwanawe. Anasema korosho ni nyingi mwaka huu. Mvua bado. Siti anakusalimu.

Samahani kwa barua fupi, kazi ni nyingi.

Paulina

*

Masasi,
27 Oktoba 1957

Mpenzi Paulina,

Ahsante. Nilikuwa sili vizuri mpaka barua yako ilipofika. Mwenzangu Isabela ananicheka, anasema nimekonda kama niliyejifungua mimi.

Sasa habari ya mizizi. Mzuie huyo mama mkwe wako. Najua ni mtu mzima na unamheshimu, lakini tumbo la mtoto wa miezi minne si mahali pa kujaribia dawa za porini. Wazee hawa ndio wanaotushinda hapa kliniki. Tunafundisha asubuhi, wao wanabomoa jioni. Kama unaogopa kumwambia, mwambie Cuthbert amwambie. Kama Cuthbert naye anaogopa, sema nimekataza mimi, anilaumu mimi.

Kuna jambo moja hukunijibu. Uliandika kwamba Siti ananisalimu, basi. Umemwambia? Amesemaje?

Nangoja.

Dada yako,
Cecilia

*

Masasi,
6 Novemba 1957

Paulina,

Malori matatu yamekuja bila barua yako.

Leo nimemfuata Abdulkadiri kituoni nikamuuliza kama amewaona. Akasema hakukuona, ila Jumatatu alipopita mtaani kwenu alikuta watu wanakwenda kuzika. Mtu mmoja alikuwa amebeba kitu mikononi mwake, kimefunikwa khanga, hakikuhitaji jeneza. Nikamuuliza ni wa nani. Hakujua. Nikamuuliza kama walikuwa wanaimba nyimbo za kanisani au la. Hakukumbuka.

Niandikie neno moja tu. Hata kama ni baya, niandikie.

Cecilia

*

Newala,
9 Novemba 1957

Kwa Binti Bartholomayo, Masasi.

Mimi ni Anjelina, mama yake Cuthbert. Kuandika sijui. Anayeandika ni Mwalimu Dadi wa hapa shuleni, nami nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambie.

Mjukuu wangu yu hai. Naanza na hilo kwa sababu Abdulkadiri ametuambia ulivyomuuliza. Msiba alioukuta ni wa jirani zetu. Stamili, binti wa Siti na Bwanali, amekufa Jumatatu. Aliharisha siku nne, utosi ukabonyea, kisha akaacha kulia. Alipoacha kulia ndipo nilipojua.

Barua zako zote nimesomewa. Mkwe wangu alikuwa amezificha ndani ya kapu la nguo. Juzi alizitoa mwenyewe, akamwomba Mwalimu anisomee, naye akiwa amekaa hapohapo. Hata ile ya kusema huyo mama mkwe azuiwe nimeisikia. Mizizi hiyo ni maji ya uji wa mtama yenye chumvi kidogo, niliyokuwa nikimdondoshea kwa kijiko. Sijakasirika. Nakuambia ili ujue.

Wala si kweli kwamba nilitaka abebe mtoto pamoja na ndoo. Nilimwambia akae na mwanawe, majini nitakwenda mimi. Akaona haya. Alisema watu watamcheka Cuthbert, karani mzima, kwamba ameoa mwanamke anayemtuma mama mkwe majini. Nikamwambia waache wacheke. Asubuhi nikaamka nikakuta ameshaondoka na ndoo.

Kopo hakuliacha. Barua yako ilipofika, ziwa lilikuwa limekwisha kukauka. Alijaribu siku moja, mtoto akalia mpaka akabadilika rangi, akaogopa, akarudia chupa. Kwa Siti hakusema kitu. Angesemaje, na unga umepitia mikononi mwake?

Sasa mtoto ni mwepesi, ukimwinua ni kama unainua nguo. Chupa nimeivunja. Uji wa mtama peke yake hautamfikisha mbali, hilo nalijua bila kufundishwa. Nimenyonyesha watoto saba, na juzi nilimweka kwenye ziwa langu mimi, lakini ziwa langu limezeeka.

Siku ya msiba nilikaa karibu na Siti. Nguo yake ilikuwa imelowa kifuani. Yule binti alikuwa hajaachishwa, chupa ilikuwa ni ya siku za majini tu. Yeye ana maziwa na hana wa kumpa. Mimi nina mtoto na sina cha kumpa.

Mkwe wangu alilia, akasema, "Mama, mwombe, lakini usimwambie habari ya kopo. Akijua hatatupa."

Nikamwambia, "Siwezi kuomba ziwa la mtu huku namficha."

Jana asubuhi nilikwenda. Nilimkuta mkekani na wifi yake. Nilimweleza yote, chupa, maji, na barua yako iliyosema aambiwe, jinsi ilivyokaa nyumbani kwangu bila yeye kuambiwa. Kisha nikaomba. Hakulia. Aliniuliza neno moja, "Barua ilifika lini?" Nikamwambia. Akahesabu siku kwa vidole vyake, taratibu, hadi siku ya msiba, zikawa ishirini. Akainuka akaingia ndani, akafunga mlango.

Nimezika watu wengi, lakini kumtazama mama anahesabu siku zile, hilo lilikuwa halijanipata.

Hadi Mwalimu anapoandika maneno haya, Siti hajatoka. Wewe uliyesoma, kama kuna la kufanya, fanya.

Anjelina, Mama Cuthbert

*

Masasi,
12 Novemba 1957

Mama Cuthbert, shikamoo.

Nilikukosea kabla ya kukujua. Uliyompa mtoto ndiyo hayo hayo ningempa mimi wodini, nami nikayaita mizizi. Naomba radhi. Nikifika nitakuomba tena ana kwa ana.

Isabela amelazwa na homa, nimebaki peke yangu na watoto ishirini na watatu. Sista Mabel hawezi kuniachia kabla ya mwisho wa mwezi. Nimemlilia, na najua ana haki. Kwa hiyo nakuandikia ninayoyajua, mengine utayajua wewe.

Kama Mama Stamili atakubali, msimweke mtoto ziwani mara moja, hana nguvu ya kuvuta. Akamue kwenye kikombe safi, mumpe kwa kijiko, kidogo kidogo, kila mara. Akishaanza kuvuta, anyonye. Na kila akimaliza kwa Mama Stamili, awekwe kwa Paulina, hata kama ni pakavu. Mtu adondoshe maziwa juu ya ziwa ili mtoto asikate tamaa. Yanaweza kurudi. Nimeona yakirudi mara mbili katika kazi yangu.

Kama hatakubali, asisumbuliwe. Ila kwa vyovyote mpelekee maneno haya: makopo niliyatuma mimi, na lile la kwake nililitaja kwa jina lake. Paulina alificha barua, lakini chupa ilitoka kwangu. Siku yoyote akitaka mtu wa kumwambia hayo usoni, nitakuja nisimame mlangoni kwake.

Cecilia

*

Newala,
24 Novemba 1957

Dada Cecilia, shikamoo.

Leo naandika mwenyewe, na sitaficha kitu.

Siti alikuja Jumapili ile, siku moja baada ya barua ya mama mkwe kuondoka. Alikuja asubuhi pamoja na Bwanali. Bwanali hakukaa. Alisema, "Kwetu sisi Waislamu mtoto akinyonya kwa mke wangu ni mwanangu. Ana ndugu kwangu, na hawezi kuoa kwangu. Mnalikubali hilo?" Cuthbert alikuwa Tandahimba. Mama mkwe alijibu kwa niaba yake kwamba tumekubali. Bwanali akashika njia ya kwenda kwenye cherehani yake.

Siti aliomba kikombe. Alikaa akiwa ameuelekea ukuta, akakamua. Nilimsikia anapumua kwa shida, nami sikujua niondoke au nibaki. Mama mkwe alimpokea kikombe, akampa mtoto kwa kijiko. Siti hakumtazama mtoto. Aliondoka bila kuaga.

Alirudi mchana. Alirudi jioni. Mara nne kila siku, dada, anavua viatu mlangoni, anaingia, anakamua, anaondoka. Barua yako ilipofika tukaona mama mkwe alikuwa ameshafanya nusu ya uliyoyaandika. Siku ya tano mtoto alianza kutafuta kwa mdomo, mama mkwe akamweka mapajani kwa Siti bila kumuuliza. Siti alikaa mikono yake ikiwa kando, kama mtu aliyetupiwa mzigo. Kisha mtoto akashika. Hapo ndipo Siti alipolia, alilia mpaka mtoto akashiba. Mama mkwe alinitoa nje.

Mimi hakunisemesha. Alikuwa ananyonyesha, anampa mama mkwe mtoto, mama mkwe ananipa mimi, namweka kwenye ziwa langu kavu mbele yake. Juma zima hivyo. Ningependa anitukane. Alhamisi iliyopita nilipomwondoa mtoto kulikuwa na tone jeupe kwenye mdomo wake, na si la Siti, maana Siti alikuwa bado hajamnyonyesha. Niliogopa hata kusema. Nikamrudisha upesi, naye akaanza kuhangaika. Siti alikuwa anatazama. Akasema, "Mgeuze. Umemshika vibaya." Akanisogelea, akanigeuzia mkono, tumbo la mtoto likagusa tumbo langu. Akavuta vizuri. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu.

Hukuuliza kwa nini nilikudanganya, lakini nitakuambia. Mtaa mzima ulikuwa unaniita mke wa karani, anayelea kisasa, nami nilipenda. Ziwa lilipokauka nilijua nimelikausha mwenyewe, nikaona haya kukuambia wewe uliyenifundisha kusoma. Na kwa Siti nilisema nitamwambia kesho. Tulikuwa tunateremka pamoja bondeni, ndoo zinagongana, anapiga soga, nami nasema moyoni, kesho. Siku ishirini nilisema kesho. Sina maelezo mengine.

Cuthbert amekuja, nimemwambia yote. Aliinuka akaenda kwa Bwanali. Sijui walizungumza nini. Aliporudi alichukua ndoo, akateremka majini yeye mwenyewe, na watu wakamwona.

Paulina

*

Masasi,
1 Desemba 1957

Mama Stamili,

Salamu zangu, na pole ambayo najua haifiki popote. Nilikuwa nimejitayarisha kuja juma hili, ila Mama Cuthbert ametuma neno kwamba hutaki kuniona kwa sasa. Sitakuja mpaka uniite.

Hapa chupa zote tumezikusanya. Watoto wasio na mama tunawanywesha kwa kikombe na kijiko, maziwa yanachanganywa hapahapa kliniki. Kila Jumatano nitakaa na wanawake wanaokaribia kujifungua, niwaeleze habari ya kunyonyesha kabla mtu mwingine hajawaletea kopo. Ningependa kuwaeleza yaliyotokea Newala, maana nikiwaeleza kwa hesabu za wodini hawanisikii. Sitataja jina lako wala la mtoto. Nakuomba ruhusa yako. Nakuomba pia msamaha, kama upo.

Cecilia Bartholomayo

*

Newala,
12 Desemba 1957

Kwa Cecilia, muuguzi, Masasi.

Anaandika Mwalimu Dadi, maneno ni yangu mimi Siti.

Barua yako nimesomewa. Umeomba msamaha. Hilo bado sina jibu lake. Usiniulize tena, likija nitakuambia mwenyewe.

Umeomba ruhusa ya kusema. Sema. Lakini usiseme mtoto mmoja wa Newala. Sema Stamili binti Bwanali. Alikuwa ameanza kujigeuza mwenyewe mkekani, na alikuwa akisikia cherehani ya baba yake ananyamaza kusikiliza.

Na asitokee mtu hapo akasema mama yake hakuchemsha maji. Nilichemsha. Wewe ulituma maneno ya kuchemsha maji, hukuuliza maji yenyewe tunayapata wapi, na nani anabaki na mtoto tukiyafuata. Waulize hayo kwanza wanawake wako wa Jumatano, ndipo uwafundishe. Hapa mtaani tumekubaliana kwamba mwenye mtoto mchanga hateremki bondeni, tunamchotea sisi kwa zamu mpaka mtoto aanze kukaa. Mama Cuthbert ndiye aliyetuita nyumba kwa nyumba. Tumo wanawake kumi na mmoja. Aliyejifungua juzi, Veridiana, alisema maziwa yake ni mepesi, Paulina akaenda kukaa naye siku tatu. Amejua kufundisha sasa, ila namna ya kumshika mtoto bado namsahihisha.

Nimefikiri nikaona wewe utayasema vibaya. Utalia, au utawasomea hesabu. Nitakuja niyaseme mwenyewe. Bwanali ameridhia. Tutapanda lori la Jumanne, mimi na Paulina, Jumatano tuwe hapo kliniki. Tutafutie mahali pa kulala.

Mtoto tunakuja naye. Mama yake anamtosha sasa, mchana na usiku. Lakini kukipambazuka akafumbua macho, bado ananitafuta mimi.

Mama Stamili